Ufuo Ni wa Umma, na Sheria Ipo

Juzi baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja mvuvi mtaani kwetu aliniuliza: "Mwanangu, mwenye pesa akituzibia njia ya kushukia baharini na kufyeka mikoko, sisi wanyonge twende kwa nani?" Nikamjibu kwamba sheria ipo. Akacheka. Sikumlaumu, kwa sababu sheria usiyoijua ni sawa na kutokuwa nayo.

Tuanze na ufuo wenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hati miliki ya kiwanja cha mbele ya bahari haifiki hapo.

Pili, kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya 1999, mradi mkubwa hauanzi bila tathmini ya athari zake. Ripoti hutangazwa na wananchi hutoa maoni kabla ya NEMA kutoa leseni. Usiporidhika na leseni hiyo, una siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Lamu walifanya hivyo. Septemba 2016, NEMA ilitoa leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, cha megawati 1,050. Wakazi kupitia Save Lamu wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mikutano ilifanywa kabla ya utafiti, wananchi wasipate kuyajadili matokeo yake. Kuitwa barazani na kupewa soda si kushirikishwa.

Funzo ni kwamba msimamizi naye hukosea, na anayemrekebisha ni mwananchi anayefuata utaratibu. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, hata kama yeye binafsi hajaumia.

Kwa hiyo nilimwambia mzee: piga picha, andika tarehe, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Usingoje, siku zinahesabiwa. Bahari hii ni amana tuliyoachiwa, nasi tutaulizwa tuliilinda vipi.

Mara hii mzee hakucheka. Aliniomba kalamu.