Kigugumizi na Fundo la Ulimi

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili kimekaa tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, mtu ambaye maneno humkwama kinywani husemwa kuwa ana kigugumizi, neno litokalo katika kitenzi gugumiza, ambacho silabi zake za mwanzo, kwa kujirudia, zaonekana kuiga ile sauti inayokataa kutoka. Lisichanganywe na kitembe, ambacho ni kasoro ya kutamka baadhi ya herufi. Siku hizi hata serikali isitayo kuamua huambiwa ina kigugumizi. Matumizi hayo, kwa rai yangu, ni dhuluma, kwani mwenye kigugumizi hujua barabara alitakalo kulinena. Hata Nabii Musa, kama isomwavyo katika Sura Taha, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, naye ndiye aliyetumwa kwa Firauni.