Vikombe vya Wageni Vyatoka Kabatini

Aliyekulia Nyeri miaka ya 1980 anaijua sebule hii bila kuelezwa. Makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vya kroshia, redio nayo ina kitambaa chake, na televisheni ya Great Wall isiyo na rangi imekaa katikati ya kabati la ukutani. Kalenda za miaka iliyopita hazijabanduliwa kwa sababu picha zake bado zinapendeza. Juu ya kalenda hizo, karibu na dari, picha ya Rais inamtazama kila anayeingia.

Watoto wa nyumba hizo walipopanga vyumba vyao Nairobi, mapambo hayo waliyaonea haya. Leo kuna wanaorudi kwa shosho kuuliza kama vile vitambaa bado vipo.

Vyombo vya sebule hizo vina historia ambayo dukani hainunuliwi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake wa Nyeri walichangishana pesa kwa zamu ili kila mmoja wao aezeke nyumba yake kwa mabati badala ya nyasi, na vikundi vyao vikajulikana kwa jina hilo la mabati. Paa zilipokamilika, michango haikukoma. Zamu ikawa ya sufuria, sahani, vikombe, blanketi na hata makochi. Vilivyo bora viliwekwa kabatini vikisubiri mwalimu au mchungaji apite, na watoto walikatazwa kuvigusa. Ndiyo maana mkusanyaji anayepekua nyumba ya shamba hukuta vikombe vya kila siku vimemomonyoka, ilhali vya wageni bado vinang'aa.

Asiye na shosho huenda sokoni. Karatina, moja ya masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki, ina mitumba ya mapazia na vitambaa vya meza. Robota likifunguliwa, wajuao hugombania kamera, yaani vile vya kwanza kabisa. Wanaochelewa huachiwa fagia. Lakini kwa vyombo vya zamani vya hapa hapa, afadhali uzungukie mafundi wa redio na wanunuzi wa chuma chakavu.

Mizani ya chuma chakavu ndiyo adui mkubwa wa vitu hivi. Hapo pasi ya makaa haina umri wala urembo, ina kilo tu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo, kisha ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo huo. Pasi zikaendelea kwenda tanuruni, zikiwemo zile zenye jogoo mdogo kwenye kifungio. (Wengine walidhani ni jogoo wa KANU. Wapi! Jogoo huyo alikuwa akiuzwa nchi za mbali ambako KANU haikusikika.)

Kabla ya kulipa, kitu kishikwe. Chupa ya chai yenye maua itikiswe kwanza: ikilia vigae, chupa ya ndani imeshapasuka na itabaki pambo. Kikombe cha enameli kigeuzwe kitakoni, ambapo mara nyingi nchi kilikotengenezwa imepigwa muhuri. Enameli iliyobanduka ukingoni haiharibu rafu, lakini kikombe hicho kisirudishwe kwenye chai. Sufuria yenye jina la Kaluworks, kiwanda kilichoanza Mombasa mwaka 1929, ni ya kupikia hadi leo.

Nanyuki ina bidhaa za namna nyingine. Walowezi walipouza mashamba wakati wa uhuru, samani zao nyingine zilipigwa mnada, nyingine wakaachiwa wapishi. Meza zao ni imara na wauzaji huzitaja bei kwa sauti kubwa, ingawa kwa uzuri wa kuchekesha hazifikii kabati la shosho. Hapo tahadhari inahitajika kwa vitu vya wanyamapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya mapambo yatokanayo na wanyamapori. Bangili ya pembe ya ndovu au kigoda cha ngozi ya pundamilia vinaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani, hata muuzaji akiapa kwamba ni vya babu yake. Vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 navyo vinalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006, na havitolewi nje bila kibali.

Kitu kinachotamaniwa kuliko vyote pengine ni cherehani ya Singer ya miguu. Herufi na namba zilizochongwa mwilini mwake hutaja kiwanda na mwaka. Nyingi zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Wapambaji huitaka ile miguu yake ya chuma waiwekee ubao iwe meza. Shida ni kwamba kwenye baraza za maduka ya miji hii mafundi bado wanazishonea sare za shule, na hawaziuzi.