Jiwe la Kutuliza Presha Halipo

Kila ninapopanga mawe mbele ya watu, moja juu ya jingine bila gundi, huulizwa swali lilelile: "Mtaalamu, jiwe lenye nguvu ya kutuliza ni lipi?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo upole umeisha. Halipo.

Wauzaji wa mawe ya "kushusha presha" wana hoja moja yenye chembe ya ukweli, ndiyo maana huwanasa hata waliosoma. Wanadai kwatsi (quartz), madini yaliyomo katika mawe mengi, hutoa umeme. Ni kweli: ukikibana kipande cha kwatsi, chaji hutokea kwenye nyuso zake. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hilo mwaka 1880. Lakini chaji hiyo huja pale mbano unapobadilika. Jiwe lililolala kifuani mwako halifanyi lolote. Tena ndani ya itale (graniti) punje za kwatsi zimeelekea kila upande, kwa hiyo chaji zao hufutana. Na tuseme chaji ipo: imponye nani? Kile kiwashio cha jiko la gesi kinacholia "ta!" hutoa cheche kwa kanuni hiyohiyo, na sijamwona mpishi aliyepona presha kwa kukibonyeza.

"Na mawe ya Mwanza je?" Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mengine kando ya ziwa, halikupandishwa na nguvu yoyote ya siri. Itale ilipasuka ikiwa bado ardhini, maji yakala kingo za nyufa, udongo ukachukuliwa na mvua. Tunachokiona ni kilichobaki.

Kinachotuliza ni kazi yenyewe ya kupanga. Jiwe hukalia nukta tatu, kama chungu juu ya mafiga. Unalizungusha kidogo kidogo, vidole vikitafuta vijishimo; ncha ikiingia mahali pake, unahisi mgoto mdogo sana. Timazi kutoka kitovu cha uzito ikiangukia ndani ya pembetatu ya nukta hizo, jiwe linasimama. Ikitoka nje kidogo tu, linaanguka. Anayesikilizia mgoto huo hana nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba.

Ukitaka kujaribu, haya hapa maelekezo kwa haraka. Chagua mawe yenye uso unaokwaruza, si yaliyosuguliwa yakang'aa. Anza na mawili. La chini likae imara mchangani. La juu lisiwe kokoto, upepo utalisukuma. Vaa viatu. Usipange pembeni mwa njia wala watoto wanapocheza. Using'oe mawe mtoni, kwani chini yake kuna mayai ya samaki na wadudu wanaoliwa na samaki. Ukimaliza, bomoa, rudisha kila jiwe ulipolitoa. Jiwe likikuanguka mara ishirini, hilo ndilo zoezi.

Mwenye presha aendelee kumeza dawa alizoandikiwa. Jiwe aokote la bure.