Nchi na lugha zake: kutoka Bangladesh hadi Congo, sheria peke yake haitoshi

Kila tarehe 21 Februari, dunia inaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Wengi wanaisikia redioni, lakini si wote wanaojua kwamba siku hiyo ilianza kwa damu. Mnamo tarehe 21 Februari 1952, katika mji wa Dhaka, polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakidai jambo moja: lugha yao, Kibengali, itambuliwe na serikali.

Kila nchi ina bendera yake, wimbo wake na pesa zake. Lakini kuna nchi ambazo, ukitaka kuzifahamu vizuri, ni afadhali uulize kwanza swali lingine: watu wanaongea lugha gani nyumbani, na serikali inawajibu kwa lugha gani? Majibu yanashangaza, na yanawahusu pia Wakongomani.

Bangladesh: nchi yenye jina la lugha

Mwaka 1952, Dhaka ilikuwa sehemu ya Pakistan, nchi iliyozaliwa mwaka 1947 ikiwa na vipande viwili, mashariki na magharibi, na katikati yao India yote. Wakaaji wa mashariki ndio waliokuwa wengi, na lugha yao ilikuwa Kibengali. Lakini mwezi Machi 1948 mwanzilishi wa Pakistan, Muhammad Ali Jinnah, alifika Dhaka na kutangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa moja tu: Kiurdu. Huko mashariki, ni watu wachache sana waliokuwa wakikiongea nyumbani.

Kwa mwanafunzi wa Dhaka, maana yake ilikuwa wazi. Siku moja angeamka na kukuta kwamba hajui kusoma barua za serikali ya nchi yake mwenyewe, na kwamba kazi za ofisini ni za wengine. Ndiyo sababu waliingia barabarani ijapokuwa mikutano ilikuwa imepigwa marufuku.

Mwaka 1956 katiba ya Pakistan ilikubali Kibengali pamoja na Kiurdu, lakini kidonda hakikupona. Mwaka 1971, baada ya vita vikali, upande wa mashariki ukawa nchi huru na kujiita Bangladesh, maana yake nchi ya Wabengali. Hadi leo, kila tarehe 21 Februari, watu wa Dhaka wanatembea bila viatu hadi kwenye mnara wa mashujaa na kuweka maua. Mwaka 1999 UNESCO iliichagua tarehe hiyo kuwa siku ya dunia nzima.

Afrika Kusini: wimbo mmoja, lugha tano

Tarehe nyingine ambayo watoto wa shule wa Congo wanaifahamu ni 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Nayo ilianzia kwenye ugomvi wa lugha. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeamuru wanafunzi weusi wafundishwe baadhi ya masomo, hesabu ikiwemo, kwa Kiafrikana, lugha ya wale waliowatawala. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana na polisi wakawapiga risasi. Mmoja kati ya waliokufa alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Mwaka 1991 Umoja wa nchi za Afrika uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya watoto wa bara lote.

Ubaguzi ulipokwisha, Afrika Kusini ilichagua njia tofauti kabisa. Katiba ya 1996 ilitaja lugha rasmi 11, na mwaka 2023 lugha ya alama, ile ya viziwi, ikawa ya 12. Wimbo wa taifa unaimbwa kwa lugha tano: unaanza kwa Kixhosa, unapita kwa Kizulu, Kisotho na Kiafrikana, na unamalizika kwa Kiingereza. Ajabu zaidi ni maneno yaliyoandikwa kwenye nembo ya taifa. Yako katika lugha ya zamani ya Wasan, wakaaji wa kwanza wa eneo hilo, na leo hakuna mtu hata mmoja anayeiongea. Yanawaita watu walio mbalimbali waungane.

Paraguay: lugha ya wenyeji yawashinda walioivamia

Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, lugha za wenyeji zilibaki vijijini na Kihispania kikachukua miji. Paraguay ni tofauti. Pale, Kiguarani kinaongewa na sehemu kubwa ya wakaaji, hata wale ambao babu zao walitoka Ulaya. Watu wanakitumia sokoni, katika mapenzi, katika matusi na katika mizaha. Pesa ya nchi inaitwa pia guaraní.

Wakati wa vita dhidi ya Bolivia, kati ya 1932 na 1935, wanajeshi wa Paraguay walipelekeana ujumbe kwa Kiguarani ili adui asielewe kitu. Lakini watoto wa wanajeshi hao hao walikuwa wakiadhibiwa shuleni wakikiongea. Ilibidi kungoja katiba ya mwaka 1992 ili Kiguarani kiwe lugha rasmi sawa na Kihispania. Mitaani, vijana wanachanganya zote mbili katika sentensi moja, na mchanganyiko huo una jina lake: jopara. Mtu wa Goma au Lubumbashi, anayetia Kifaransa ndani ya Kiswahili chake kila siku, hawezi kushangaa.

Uswisi: nchi iliyokwepa kuchagua

Uswisi ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Hiyo ya mwisho ni ya watu wachache sana katika mabonde ya milima, makumi machache ya maelfu tu. Hata hivyo, mwaka 1938 raia wa Uswisi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali iwe lugha ya taifa kama zile kubwa.

Wakati huo serikali za Italia na Ujerumani zilikuwa zikitamani kila eneo ambako lugha zao zinaongewa. Waswisi walitaka kuonyesha kwamba nchi yao haikujengwa juu ya lugha moja, na kwamba anayeongea Kiitaliano si mgeni kwao.

Ndiyo maana stempu na sarafu za nchi hiyo zina neno la Kilatini: Helvetia. Kuandika jina la nchi kwa lugha zote nne kungejaza nafasi, na kuchagua moja kungeudhi wengine. Basi walichukua lugha ambayo si ya mtu yeyote. Herufi CH zinazoonekana kwenye magari yao zinatoka huko huko: ni kifupisho cha jina la nchi kwa Kilatini.

Papua New Guinea: lugha zaidi ya 800

Congo ina lugha zaidi ya 200, na wengi wanadhani hakuna nchi inayoipita. Papua New Guinea, yenye wakaaji wachache sana kuliko Congo, ina zaidi ya 800. Milima mirefu na misitu vilitenganisha vijiji kwa muda mrefu, na kila bonde likakuza lugha yake.

Ili kuelewana, watu wanatumia Tok Pisin, lugha iliyozaliwa mashambani na bandarini wakati wa ukoloni. Ina neno moja maarufu: wantok. Maana yake ni mtu wa lugha yako. Wantok akifika mjini bila pesa, unampa chakula na mahali pa kulala. Lakini wakaaji wenyewe wanalalamika kwamba mkubwa akipata cheo, wantok wake ndio wanaopata kazi. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa «wa kwetu», na malalamiko ni yale yale.

Iceland na Ireland: visiwa viwili, bahati mbili

Iceland, kisiwa cha baridi chenye watu karibu 400,000, hakipendi kukopa maneno. Kitu kipya kikifika, wanatafuta neno ndani ya lugha yao. Kompyuta waliiita tölva, kwa kuunganisha neno la namba na neno la mwanamke mtabiri wa kale. Simu waliipa neno la zamani lililokuwa na maana ya uzi: sími. Linafanana na neno letu, lakini hayana undugu. Simu ya Kiswahili imetoka kwa Kiajemi, ambako sim ni waya. Watu wawili walio mbali walitazama kitu kimoja, na wote wakaona uzi.

Ireland nayo ina sheria nzuri kuliko nchi nyingi. Katiba yake ya 1937 inasema kwamba Kiayalandi ndicho lugha rasmi ya kwanza, na Kiingereza ni cha pili. Watoto wanakisoma shuleni, na mabango ya barabara yana lugha zote mbili. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, waliosema wanakiongea kila siku nje ya shule walikuwa kama 72,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano. Utawala wa Waingereza, njaa kubwa ya miaka ya 1840 na uhamiaji viliivunja lugha hiyo, na wazazi waliona kwamba mtoto atakula kwa Kiingereza.

Paraguay na Ireland, zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jambo moja. Lugha ya kwanza iliishi bila sheria kwa sababu watu hawakuiacha. Ya pili ilipata sheria wakati watu walikuwa wamekwisha kuiacha. Lugha inahitaji kazi ya kufanya: sokoni, shuleni, ofisini, tribinali. Ikinyimwa kazi, heshima ya kwenye karatasi haiiponyi.

Na Congo je?

Katiba ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006 inaanza na jambo hili hili. Kifungu cha kwanza kinasema kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi, na kuzilinda pia lugha nyingine zote za nchi.

Vifungu vingine viwili havijulikani sana, ijapokuwa vinamgusa raia moja kwa moja. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu anayekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaidai serikali kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 baada ya sheria kutangazwa.

Huko Uvira, Butembo, Kindu au Kalemie, ni rahisi kupima umbali kati ya maneno hayo na maisha. Mjane anayegombania kiwanja cha marehemu mume wake anapewa karatasi ya Kifaransa aitie kidole. Anayemsomea ni kijana wa jirani, au yule yule anayekitaka kiwanja. Mtu huyo hana shida ya akili wala ya haki. Shida yake ni kwamba haki yake imeandikwa kwa lugha ambayo hakufundishwa.

Wakati huo huo, Kiswahili kinapanda ngazi huko nje. SADC ilikikubali kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, UNESCO ikakipa siku yake, tarehe 7 Julai, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Mwaka huo huo Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako majirani wengi wanakitumia bungeni au shuleni. Mkongomani wa mashariki anaweza kuuza bidhaa zake hadi Dar es Salaam bila mkalimani, lakini akirudi nyumbani anamhitaji mkalimani mbele ya hakimu.

Jambo hili lina upande wa pili pia. Kiswahili, kinachobanwa na Kifaransa, nacho kinabana wengine. Katika miji ya Kivu, kuna watoto ambao wanasikia Mashi, Kinande, Kilega au Kihunde kwa bibi tu, na hawajui kujibu. Katiba inazitaja lugha hizo kama urithi wa kulindwa, lakini mlinzi wa kwanza ni mzazi anayeongea na mtoto wake jioni.

Kutenganisha mzigo huo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Lugha ya bibi inabaki mikononi mwa jamaa, na hakuna waziri anayeweza kuingia jikoni kuisema badala yao. Lugha ya tribinali, ya hospitali na ya sheria iko mikononi mwa serikali, na hapo katiba imekwisha kusema linalotakiwa. Mkaaji anayekamatwa leo anaweza kuuliza, kwa Kiswahili, amekosa nini. Kifungu cha 18 kinamlazimisha aliyemkamata amjibu kwa lugha anayoielewa.