Kabla hujanunua matofali ya plastiki, litazame lori la waya la mwanao

Jioni shule zikishatoka, Rusumo huwa na malori ya aina mbili. Ya kwanza ni yale makubwa yaliyotoka Dar es Salaam, yaliyopita Lusahunga na Benaco, na sasa yanasubiri taratibu za forodha ili yavuke daraja la Mto Kagera kuingia Rwanda. Ya pili ni madogo, yanasukumwa kwa kijiti na watoto waliovua sare za shule muda mfupi uliopita.

Bodi ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu. Ekseli ni waya. Magurudumu yamechongwa kwenye ndala iliyokatika mkanda. Mengine yana tela, yamefungwa turubai la mfuko wa nailoni, na kamba zimevutwa kama utingo wa kweli anavyozivuta. Mtoto anayekua mpakani anajua kwamba lori bila tela halijakamilika.

Nyumbani hali ni tofauti kidogo. Mtoto yuleyule akishika simu ya mama au baba anaona watoto wenzake wa nchi za mbali wakiunganisha matofali ya plastiki ya rangi: ndege, majumba, vyombo vya anga vya sinema. Anaanza kuomba. Mzazi akiulizia bei, anaguna. Kisha linamjia swali ambalo wazazi wengi hawalisemi kwa sauti: mwanangu anapitwa?

Swali hilo linastahili jibu, maana linagusa ukuaji wa ubongo wa mtoto, fedha ya familia, na wakati mwingine uhai wa mdogo wake anayetambaa sakafuni.

Kampuni iliyoanza na mabaki ya mbao

Matofali maarufu zaidi ya aina hiyo ni ya Lego, kampuni ya mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Mwanzilishi wake, Ole Kirk Kristiansen, alikuwa seremala. Mwaka 1932, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na kazi za ujenzi zimeadimika, aligeukia kutengeneza vichezeo vya mbao. Jina la kampuni limetokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya “cheza vizuri”.

Tofali la plastiki linalojulikana leo, lenye vinundu juu na vibomba chini vya kulibana jingine, lilisajiliwa Januari 28, 1958. Uwezo wake ni wa kushangaza: matofali sita tu ya rangi moja, kila moja likiwa na vinundu nane, yanaweza kupangwa kwa namna zaidi ya milioni 915.

Kwa miongo mingi watoto walipewa matofali na kuachwa wajenge wanachotaka. Mwaka 1999 kampuni ilianza kutoa seti za filamu za Star Wars kwa leseni, yaani kwa makubaliano na wenye filamu. Tangu hapo seti za sinema, michezo ya kompyuta na katuni zimekuwa biashara kubwa. Machi 2025 ilitangazwa kwamba wahusika wa Pokémon wangeingia kwenye matofali hayo mwaka 2026. Mwaka huo huo wa 2025 ilitoka seti ya Star Wars yenye vipande 9,023 kwa bei ya Dola 999.99 za Marekani, ambazo ni zaidi ya Sh2 milioni.

Mzazi asishtuke. Seti za namna hiyo zimeandikwa umri wa miaka 18 na kuendelea. Ni mapambo ya watu wazima wenye fedha, na mtoto wa darasa la pili asiyekuwa nayo hajapungukiwa na chochote katika makuzi yake.

Mashabiki nao hubuni

Kuna upande mwingine wa biashara hiyo unaofanana zaidi na Rusumo. Wapo watu wasioridhika na maelekezo ya kwenye boksi, wanaojenga vya kwao: treni ya mjini kwao, kanisa, daraja walilovuka utotoni. Kampuni ikaona faida humo. Kupitia mpango wake wa Lego Ideas, mtu wa kawaida huwasilisha alichobuni, na akipata watu 10,000 wanaomuunga mkono, kazi yake inapitiwa na wataalamu. Ikichaguliwa, inauzwa madukani na mbunifu analipwa asilimia moja ya mauzo halisi.

Kwa maneno mengine, kampuni kubwa ya vichezeo inawalipa watu wafanye jambo ambalo mtoto wa mpakani hulifanya bure kila jioni: kutazama kitu cha kweli, kukielewa, kisha kukijenga upya kwa vipande alivyonavyo.

Na Rusumo kuna vya kutazama. Kuna daraja, kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Aprili 2016, na kuna mtambo wa umeme wa maporomoko wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtoto aliyejenga daraja la vijiti akaona linalemea upande mmoja, akaongeza nguzo, amejifunza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Ushahidi kutoka Jamaica

Je, kichezeo cha kutengeneza nyumbani kinatosha? Utafiti mmoja unaoheshimika sana ulianza katikati ya miaka ya 1980 mjini Kingston, Jamaica. Watafiti waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri kati ya miezi tisa na 24, kutoka familia maskini. Kwa miaka miwili, wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea baadhi yao kwa saa moja kila wiki, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Vichezeo vilivyotumika vilikuwa vya kutengeneza kwa mkono.

Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo, na walikuwa wamewafikia watu ambao hawakudumaa utotoni.

Kwa Tanzania hilo si jambo dogo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Uji wenye lishe unabaki kuwa muhimu, lakini pamoja na uji mtoto anahitaji mtu wa kucheza naye. Ndiyo maana Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane, inaweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama.

Kilichofanya kazi Jamaica hakikuwa bei ya kichezeo. Ni mtu mzima aliyekaa chini na mtoto, akamuuliza, akasubiri jibu, akacheka naye. Iwe kwa Kihangaza, Kishubi au Kiswahili, “hili tuliweke wapi?” ni swali linaloujenga ubongo.

Mahali penye hatari

Hata hivyo, kucheza kuna madhara yake pasipokuwa na jicho la mtu mzima. La kwanza ni kupaliwa. Watoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana seti zenye vipande vidogo huandikwa kwamba haziwafai. Tatizo ni kwamba tofali la kaka wa miaka minane huokotwa na mdogo wake wa mwaka mmoja.

Kuna kipimo rahisi. Chukua bomba la karatasi gumu linalobaki toilet pepa ikiisha. Kitu chochote kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kizibo cha soda kinapenya. Gololi inapenya. Punje ya hindi na harage pia.

La pili ni betri bapa za mviringo kama sarafu, zilizomo kwenye vichezeo vya kuwaka taa na kulia. Mtoto akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima.

La tatu ni vifaa vyenyewe. Dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu au magugu halifai kuwa lori, hata lioshwe mara ngapi. Betri kuukuu za magari, zinazoachwa karibu na gereji na maegesho, zina madini ya risasi yanayoathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Ncha za waya zikunjwe ndani. Mtoto akichomwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha mpeleke zahanati ukiwa na kadi yake ya kliniki. Chanjo ya pepopunda ni sehemu ya ile anayopewa akiwa na wiki sita, 10 na 14.

La nne, na kwa Rusumo huenda ndilo kubwa, ni barabara. Anayeendesha lori la dumu hupenda kulifuata lori la kweli. Dereva aliye juu ya kichwa cha lori hamuoni mtoto aliyeinama karibu na tairi la mbele, na anayerudi nyuma na tela haoni kabisa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani kwa watu wa miaka mitano hadi 29. Watoto wapewe barabara yao nyuma ya nyumba: ichoreni chini kwa kijiti, wekeni mizani, geti la forodha na daraja. Mchezo utanoga, na mtoto hatakuwa na sababu ya kwenda maegesho.

Mtoto akipaliwa

Kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe huku ukimwangalia. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, usisubiri. Paza sauti kuomba msaada na anza mara moja.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: muinamishe mbele, mpige mara tano kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Kisha simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa nguvu mara tano. Rudia zamu hizo mbili hadi kitu kitoke.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, umeshika taya. Mpige mgongoni mara tano, mgeuze, mkandamize katikati ya kifua mara tano. Usimkandamize tumbo.

Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa kuwa unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akizimia au akibadilika rangi, mkimbizeni kituo cha afya huku mwenye ujuzi akiendelea kumhudumia njiani. Hata kitu kikitoka, mpeleke akaangaliwe.

Matofali ya seremala wa mtaani

Mzazi mwenye uwezo akitaka kununua matofali ya plastiki, si kosa. Asome umri ulioandikwa kwenye boksi, achague yale makubwa kwa mtoto wa chini ya miaka minne, na aepuke yasiyo na jina la mtengenezaji, yanayonuka kemikali au yanayochubuka rangi. Boksi la matofali ya kawaida lina faida ya muda mrefu kuliko seti ya sinema, kwa sababu halimlazimishi mtoto kujenga kitu kimoja.

Asiye na uwezo aende kwa seremala wa karibu na kumwomba vipande vinavyobaki. Vikatwe kwa ukubwa wa kiberiti au zaidi, vipigwe msasa hadi visiache kibanzi, viachwe bila rangi. Vipande 20 au 30 vinatosha kujenga nyumba, ngazi na daraja. Seremala wa Billund naye alianza kwa mbao.

Kisha ibaki kazi ambayo hakuna duka linaiuza: dakika 15 jioni, simu ikiwa imewekwa kando. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani linashauri muda wa kutazama skrini usizidi saa moja kwa siku, na kwa walio chini ya miaka miwili wasitazame kabisa. Umoja wa Mataifa nao umeitenga Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, lakini mtoto wa Rusumo hasubiri Juni.

Leo jioni akija na lori lake, muulize limebeba nini na linakwenda wapi. Akisema Kigali, mkague mzigo, mgongee muhuri, mfungulie geti.