HAKI ZA MTEJA KATIKA TIBA YA MAZUNGUMZO

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba mtu anayekwenda kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, iwe kwa sababu ya msiba, hofu au matatizo ya unyumba, hapotezi haki yake yoyote. Tiba hii si ya wagonjwa wa Hospitali ya Kidongo Chekundu peke yao.

Visiwani kwetu watu hujuana. Mtaalamu huenda akawa jirani au jamaa wa mkuu wako wa kazi, na wenye dhiki wengi huona bora kunyamaza. Kwa hivyo ni vyema haki hizi zifahamike:

(a) Kuelezwa kabla ya kuanza sifa za mtaalamu, njia atakayoitumia na malipo, kama yapo.

(b) Kuridhia kwa hiari, na kuacha au kuomba mtaalamu mwengine bila ya kulaumiwa.

(c) Kuhifadhiwa siri ya maneno yake na ya jalada lake.

(d) Kutotakiwa mapenzi, mkopo wala kazi za nyumbani na anayemtibu.

(e) Kulalamika anapotendewa kinyume na hayo.

Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinahifadhi maisha ya mtu binafsi. Aidha, Azimio Namba 46/119 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 17 Disemba, 1991, linataka siri za wenye maradhi ya akili zilindwe, na tiba itolewe kwa ridhaa yao isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa humo.

Hata hivyo, siri ina mipaka. Maisha ya mteja au ya mtu mwengine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhuriwa, au mahakama ikiamuru, mtaalamu huweza kusema, lakini kwa kiasi kinachohitajika tu. Mteja aelezwe mipaka hiyo siku ya kwanza, si baada ya kwisha kusema.

Mkuu wa kazi aliyemshauri mtumishi kutafuta tiba hastahiki kusimuliwa yaliyozungumzwa. Akihitaji kujua kama mtumishi amehudhuria, amuulize mwenyewe au apate ridhaa yake. Siri ni mali ya mteja. Mtaalamu amewekewa amana tu. Wakuu wote wa kazi wanaombwa walizingatie hilo.