Je, Wajua? Kila Kifaa Ndani ya Kompyuta Kina Namba ya Utambulisho

Shangazi yangu ana duka la vitambaa, na mahesabu yake yote yamo kwenye kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa mtumba. Ilipoanza kuwa nzito akaipeleka kwa fundi ikapigwa Windows upya. Ikarudi nyepesi, lakini imepungukiwa: Wi-Fi haipo, padi ya kugusia iliyo chini ya kibodi haisogezi mshale, na maandishi yamejaa kioo kama ya bango la barabarani. Fundi akamwambia, "Mama, kadi ya Wi-Fi imeungua, na padi nayo imekufa. Tuagize."

Nilipokwenda kumsalimu, kabla hata chai haijamiminwa akanisogezea mashine. "Hebu itazame, baba. Vitu viwili vitaunguaje siku moja, na mimi sikuidondosha wala sikuimwagia maji?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu alilopewa. Hakuna kilichokuwa kimeungua. Zilizokosekana ni draiva.

Kiswahili kimelipokea neno moja la Kiingereza mara mbili. Anayeshika usukani wa daladala ni dereva. Programu inayokiwezesha kifaa cha kompyuta kufanya kazi, mafundi wanaiita draiva. Tofauti hiyo inatufaa, maana draiva ni mkalimani kuliko mwendeshaji. Windows inajua kuagiza, "tuma taarifa hizi kwa Wi-Fi." Haijui kwamba kwenye chipu hii, ili redio iwake, lazima kwanza chipu ipakiwe programu yake ndogo ya ndani, kisha namba fulani iandikwe kwenye chemba fulani, kisha isubiriwe ishara ya kukubali. Chipu ya kampuni nyingine ina utaratibu mwingine kabisa. Mwenye kuyajua hayo ni aliyeitengeneza, naye huyaandika ndani ya draiva. Draiva isipokuwepo, chipu inapata umeme, iko macho, na hakuna wa kuzungumza nayo.

Mbona basi kibodi iliendelea kufanya kazi? Kwa sababu baadhi ya vifaa vimeingia kwenye makubaliano. Watengenezaji wa kibodi, vipanya na flashi walikubaliana lugha moja kwa kila kundi, kwa hiyo draiva moja iliyomo ndani ya Windows inahudumia kibodi ya kampuni yoyote. Ndiyo maana flashi ngeni ukiichomeka inafunguka bila kuuliza chochote. Upande wa picha nako kuna draiva ya akiba ya Microsoft, inayojua mambo ya msingi tu: kuchora kioo, tena kwa ukubwa usiolingana nacho. Yale maandishi ya bango kwenye kioo cha shangazi yalikuwa kazi ya draiva hiyo. Kwangu ilikuwa dalili njema. Chipu ya picha ni nzima, ila inaendeshwa na aliyeshikia zamu. Wi-Fi haina makubaliano ya namna hiyo, na ndiyo maana huwa ya kwanza kupotea.

Nilichomeka kipanya cha waya, nikabofya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Device Manager. Hapo ndipo kompyuta inapoorodhesha kila kiungo chake. Chini ya kichwa cha Other devices kulikuwa na mistari kadhaa yenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao: Network Controller, SM Bus Controller, na PCI Device mara mbili. Majina hayo humtisha mtu bure. Maana yake ni kwamba Windows imegonga mlango, imesikia kuna mtu ndani, lakini haimfahamu.

Ukibofya mstari mara mbili, unapata namba ya kosa, na hiyo namba ndiyo inayotenganisha ugonjwa na upweke. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa, basi. Namba 22 ni kwamba mtu amekizima kifaa kwa makusudi. Namba 10 ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimekataa kuanza, na mara nyingi draiva yenyewe si sahihi au ni ya zamani. Namba 43 ni kifaa chenyewe kuripoti matatizo. Hapo sasa una haki ya kuanza kukishuku. Mistari yote kwenye mashine ya shangazi ilikuwa na 28.

Kinachonivutia zaidi kimefichwa kwenye kichupo cha Details. Ukichagua hapo Hardware Ids, unapata mstari kama huu: PCI\VEN_10EC&DEV_C821. Unaonekana kama takataka, kumbe ni kitambulisho kamili. Tarakimu nne baada ya VEN ni za kampuni, na nne baada ya DEV ni za chipu yenyewe. Zinaandikwa kwa mfumo wa hesabu wenye tarakimu 16, kuanzia 0 hadi 9 kisha A hadi F, kwa hiyo nafasi nne zinatosha kampuni 65,536. Chama kinachosimamia njia ya mawasiliano ya PCI ndicho kinachogawa namba za kampuni, na kila chipu inatoka kiwandani ikiwa na namba zote mbili. 10DE ni NVIDIA. 14E4 ni Broadcom. 1002 ilikuwa ya ATI, na chipu za picha za AMD zinaibeba hadi leo kwa kuwa AMD iliinunua ATI. Intel, iliyoileta PCI mwaka 1992, ina 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978 ambayo ukoo wake ndio uliomo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Yaani kampuni imeandika jina la babu kwenye kitambulisho cha kila mjukuu.

Na 10EC ni Realtek. C821 ni chipu yake ya Wi-Fi iitwayo RTL8821CE. Kadi iliyosemwa kwamba imeungua ilikuwa inajitaja kwa jina na ukoo. Kadi iliyokufa kweli kwa kawaida haijibu kabisa.

Padi ya kugusia ilikuwa na kisa chake, na hapa namwelewa fundi kidogo. Haikuwemo kwenye orodha hata kwa alama ya njano, na mtu angeapa kwamba imekufa. Lakini kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni padi haiunganishwi moja kwa moja. Inapitia njia ndogo iitwayo I2C, na njia hiyo ina kidhibiti chake ndani ya chipu kuu za ubao. Kidhibiti kisipokuwa na draiva, njia imefungwa, na Windows haiwezi kumwona aliye mwisho wake. Zile PCI Device mbili zilikuwa vidhibiti vyenyewe. Ndiyo maana draiva za chipu kuu huwekwa kwanza, kisha nyingine.

Niliwahi kukutana na kifaa kisichojulikana kilichonifurahisha kuliko vyote, kwenye mashine nyingine ya zamani. Namba yake ilikuwa ACPI\HPQ0004. Nilipoifuatilia nikakuta ni kihisi cha kuanguka. Mashine hizo zilitumia diski zinazozunguka, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Pigo moja likikigongesha, data zimekwenda. Kwa hiyo watengenezaji waliweka chipu ndogo inayohisi mwendo. Kompyuta ikiteleza mezani, kwa muda ule iliyo hewani inakuwa kama haina uzito, na kihisi kinang'amua. Kutoka meza ya sentimita 75 hadi sakafuni ni takriban sekunde 0.4 tu, na ndani ya muda huo kichwa kinaondolewa juu ya sahani na kuegeshwa pembeni. Mwenye mashine alikuwa ameitumia muda mrefu bila draiva hiyo, kwa kuwa hakuna kilichoonekana kukosekana. Mlinzi alikuwepo getini, ila hakuna aliyemwambia zamu imeanza.

Rudi kwa shangazi. Draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji Wi-Fi. Wengi hukwama hapa na kubeba mashine kurudi kwa fundi. Lakini Windows huja na draiva ya simu ya Android inayogawa mtandao kwa waya. Niliunganisha simu yangu kwa waya uleule wa kuchajia, nikawasha USB tethering kwenye mipangilio ya simu, na kompyuta ikaiona simu kama kadi ya mtandao. Bando langu likawa daraja. Windows Update ikaanza kushusha draiva yenyewe, na zilizobaki nikazichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, kwa kufuata modeli iliyoandikwa chini ya kompyuta. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja nazikwepa, maana nyingi huingia na wageni ambao hukuwaalika.

Na tahadhari hiyo si woga. Draiva nyingi hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa dogo huangusha nyumba nzima. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Windows 98 ilikuwa ikionyeshwa hadharani, Bill Gates akiwa jukwaani. Mwenzake akachomeka skana ili watu waone draiva ikijiweka yenyewe, na kioo kikageuka bluu mbele ya ukumbi mzima. Julai 2024 ilikuwa zaidi ya kicheko: faili moja mbovu iliyosomwa na draiva ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike iliangusha kompyuta takriban milioni 8.5, ndege zikabaki chini na hospitali zikaahirisha huduma. Kwa sababu ya nguvu hizo, Windows ya biti 64 tangu enzi za Vista hudai draiva za kiini ziwe na sahihi ya kidijitali.

Kama bado una shaka kwamba kadi ni nzima, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo endeshi mwingine, bila kuisakinisha. Linux hubeba draiva nyingi mno ndani ya kiini chake, na Wi-Fi ikishika huko, basi kadi haina kosa. Isiposhika si hukumu, ila ikishika ni ushahidi ambao fundi yeyote mwaminifu ataukubali.

Nasikitika kwamba haya yote yangeepukwa kwa amri moja kabla ya kupiga Windows upya. Kwenye Windows 10 na 11 unatengeneza folda kwenye flashi, unafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, unaandika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

D ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako. Kompyuta inanakili draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe, ambazo ndizo hasa zitakazokosekana baadaye. Baada ya kazi unairudia Device Manager, unaielekeza kwenye folda hiyo, na kila kifaa kinampata mkalimani wake wa zamani bila hata senti ya bando.

Draiva ya picha ilipoingia, kioo cha shangazi kilizima kwa nukta moja kikarudi na maandishi madogo, safi. Ya chipu kuu ilikuwa imetangulia, na chini ya orodha ulikuwa umetokea mstari ambao haukuwepo: padi. Nikamwambia aguse. Akapitisha kidole taratibu kama anayekagua kitambaa, mshale ukamfuata.

Tulinakili zile draiva kwenye flashi palepale. Akaitafutia kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nene DRAIVA ZA DUKA, akakibandika kwa gundi ya nailoni na kuifungia flashi kwenye shada la funguo, kati ya ufunguo wa kufuli la mlango na ule wa kabati la hesabu.